Sina

Alipoulizwa jina pale ofisi ya kijiji
alijibu kwa adabu, kiganja kifuani: "Sina."
Mtendaji akaweka kalamu chini.
"Huna jina? Hata huko Ulaya?"
Ni mimi, darasa la nne, kiherehere,
niliyeisoma pasipoti kwa sauti, herufi moja moja.
Tangu siku hiyo Katumba ikapata mchezo wa bure:
"Sina hajambo?" "Sina yupo." "Sina kaenda kisimani."

Alikuja kujitolea, miezi mitatu,
kutufundisha sehemu na desimali, kupaka rangi choo cha shule.
Mama alipewa siku mbili za kujiandaa.
Shuka aliazima kwa mama Lusubilo,
chupa ya chai kwa mwalimu Mwaisumo,
na kitanda, nne kwa sita, cha pekee nyumbani,
alichokinunua baba kabla hajafuata dhahabu Chunya,
tukakihamishia chumba cha mbele.
"Ninyi mnalala wapi?" aliuliza kwa vidole na shingo.
Mama akaonesha mlango wa nyuma, mkono umekunjuka,
ungedhani huko kuna vyumba saba.

Mvua ya kwetu haiulizi msimu.
Sina aliivaa kama nguo ya pili,
akabeba tenga mgongoni, akajifunza
majani mawili na kichipukizi, usivunje bua.
Jioni mizani ikasema: mama arobaini, Sina tisa,
na karani akacheka mpaka daftari likalowa.
Usiku alipakwa mafuta ya mgando vidoleni
na Ambakisye, mdogo wangu, aliyemhesabia malengelenge
kwa desimali: "Manne nukta tano. Hili halijamaliza."

Kisha ukaja Juni, na baridi yake ya kung'oa kucha.
Usiku mmoja tochi ilitoka chumba cha mbele kwenda msalani,
ikarudi, ikapotea njia,
ikasimama mlangoni mwa jiko.
Ikatuona.
Sisi watano juu ya magunia ya chai,
tumelizunguka jivu kama paka,
kanga ya mama imefika kwenye magoti, miguuni haikufika.
Mimi tu nilikuwa macho.
Nikaweka kidole mdomoni.
Tochi ikazimika, lakini haikuondoka upesi.

Asubuhi hakugusa kiazi.
Akatafuta maneno chini ya kikombe, akayapanga:
"Mama. Wewe lala kitanda. Mimi hapa, jiko."
Mama akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.
Hajawahi mtu kumsikia akimwambia mgeni kwamba kitu hakipo;
unga ukiisha, husema "unakuja."
"Kingine," alisema, "kitanda kingine..."
kisha, taratibu:
"Sina."
Mpaka leo mimi na Ambakisye tunabishana
kama alikuwa anamwita, au anakiri.
Yeye Sina aliitika.

Usiku ule alilikokota godoro mpaka jikoni,
akalilaza kwa upande tuenee mabega, miguu ijitegemee.
Moshi ukamtoa machozi, akakohoa hadi kuku wakalalamika.
Hapo ndipo alipotujua:
kwamba Ambakisye husaga meno,
kwamba mama huamka saa kumi kukamua
na huongea na ng'ombe mambo asiyotuambia,
kwamba bibi alipokufa alituachia sufuria moja na deni la chumvi.
Naye akatuambia habari za bibi yake,
aishiye peke yake, vyumba sita, na redio.
Mama akauliza mara tatu: "Peke yake?
Nani anamwambia ugonile asubuhi?"
Mbele huko kitanda kililala peke yake, kimetandikwa.

Rangi ya choo ilibanduka masika yaliyofuata.
Desimali nilizisahau, nikazisoma upya.
Baba aliporudi alikuta godoro linanuka moshi
na hakuna aliyemweleza akaelewa.

Ila mama, siku hizi, jirani akija kuomba chumvi
na kopo likiwa tupu,
hujibu "Sina,"
halafu hucheka peke yake, kwa muda mrefu,
na jirani huondoka akidhani ni kiburi.